Mashine Haina Tamaa

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, alikuwa na redio ya mbao iliyopambwa kwa kitambaa cha kufuma, na kwa kuwa katika mtaa wetu wa Maganzo hapakuwa na nyingine iliyosikika sawasawa wakati wa mvua, baraza yake ilijaa watu kila jioni, ambao walikuja kwa udhuru wa kumjulia hali mkewe aliyekuwa na maradhi ya miguu, lakini haja yao hasa ilikuwa kusikiliza taarifa ya habari na, baada ya taarifa, kusikiliza rai ya mwenye redio. Rai hiyo haikukosekana hata usiku mmoja. Ikiwa habari ni ya vita vya Vietnam, au ya bei ya pamba, au ya chombo ambacho Warusi wamekirusha angani, mjomba aliizima redio ili betri zisiliwe bure, akakohoa kidogo, akatoa hukumu, na hukumu yake aghalabu ilianza au ilikoma kwa kauli moja ambayo sisi watoto tuliizoea hata tukawa tunaitamka pamoja naye kwa midomo mitupu, pasipo sauti: "Mashine haina tamaa."

Kauli hiyo hakuiokota njiani. Alikuwa mtumishi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, mwendo mfupi tu kutoka Maganzo, mgodi uliogunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, ambaye wazee wa Shinyanga walimsimulia kana kwamba ni mtu wa hekaya: mtu asiyeoa, mchache wa maneno, aliyetafuta miaka mingi katika homa na ufukara kabla ya kuketi juu ya utajiri. Mwaka 1947 lilipatikana huko jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54 na nusu, naye Williamson akalitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Na ingawa hapana mtu wa baraza yetu aliyepata kuliona jiwe lenyewe, kila mmoja alikuwa na habari zake kamili. Mjomba alifanya kazi penye meza za grisi. Almasi, alitueleza, ina tabia ya kuyakataa maji, hivyo kokoto zikipitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yote hulowa na kuteleza, nayo almasi hunata. Yeye aliyekwangua grisi hiyo alipekuliwa kila alipotoka langoni, kama ilivyo desturi ya migodi ya almasi popote duniani, ilhali meza iliyozishika almasi zote haikupekuliwa hata mara moja tangu iwekwe. Hapo ndipo alipopata itikadi yake. Mwanadamu hupekuliwa kwa kuwa ana tamaa. Mashine haipekuliwi kwa kuwa haina.

Kwa itikadi hiyo alipima kila jambo lililotoka katika kisanduku chake. Julai 1969, Wamarekani walipotua mwezini, baraza iligawanyika mafungu mawili, na mzee mmoja mfugaji, aliyekuja kutoka upande wa Kishapu kuuza ng'ombe, akauliza kwa staha kama mwezi uliokanyagwa ni huu wa kwetu au ni wa kwao Marekani, na baada ya mjadala wa saa nzima ikaonekana swali lake ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mjomba peke yake hakuwa na shaka: safari ile ilifanywa na mashine, na mashine haina sababu ya kusema uongo. Mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, tulidhani imani yake itatikisika. Naye akasema tu kwamba mashine imesingiziwa. Nacheka nikumbukapo, walakini sicheki sana, kwa maana jambo hilo hilo lilinirudia mimi mwenyewe kwa njia nitakayoieleza.

Vita vya Kagera vilinikuta nina umri wa miaka ishirini na mitatu, mgambo niliyefundishwa kulenga shabaha na kupiga kwata katika uwanja wa shule. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka tarehe 30 Oktoba 1978, na siku chache baadaye Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa na kutangaza kwamba tutapigana, barazani kwa mjomba vita vilikwisha usiku ule ule. Mzee mmoja alivimaliza kwa siku tatu. Mwingine, aliyewahi kuwa askari wa Mwingereza huko Burma, na kwa hiyo akaheshimiwa, alitoa wiki mbili. Mjomba akauliza nani ana mizinga mingi, na alipojibiwa kwamba hapana ajuaye, akasema kwamba basi huo ndio mzizi wa maneno, na kwamba mashine itaamua. Mimi nilikuwa kimya, si kwa hekima, bali kwa kuwa jina langu lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi ya vita, na mimi nilipanda lori ambalo hadi wiki iliyotangulia lilikuwa likibeba pamba kwenda kinuni, hata tulipoteremka nguo zetu zilikuwa na manyoya meupe kama watu waliolala katika kiota. Alhasili, huko tulikokwenda sikumsikia mtu akizungumza mizinga. Tulizungumza viatu. Nilipewa buti zilizopungua namba moja, nikatafuta wa kubadilishana naye katika kombania nzima, nikampata kijana wa Songea ambaye zake zilimzidi, lakini zake zilikuwa zimekatika kisigino. Tukapatana nusu ya safari kwa nusu ya safari. Tulizungumza chumvi, soksi kavu, sukari, na spea ya lori fulani ambayo dereva wake aliisema kama mtu anayemtaja mchumba. Kuna siku sajenti wetu aliuliza nani anajua kushona ngozi, na yule aliyenyosha mkono akawa mtu mkubwa kuliko luteni.

Wala sisemi kwamba mizinga haikuwapo. Ilikuwapo ile ya makombora ambayo Waganda waliyapa jina la Saba Saba, na sauti yake ukiisikia mara moja huhitaji kuelezwa tena. Barazani tuliambiwa kwamba silaha ya namna hiyo hufanya kazi yenyewe. Sasa, kila kombora lake lina uzito wa zaidi ya kilo sitini, na katika matope ya masika halikuja lenyewe mpaka penye mtambo: lilibebwa, mtu mbele na mtu nyuma, na mtu wa nyuma nilikuwa mimi. Tangu siku hizo kila nisomapo kwamba jeshi la nchi fulani limenunua chombo kipya kisichohitaji watu, kwanza hutafuta katika habari hiyo nani atakayekibeba, na aghalabu mwandishi hakumtaja.

Kampala sikuiona. Buti zilinirudisha kutoka Masaka, kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwa kimeoza ukucha, na mwezi Aprili 1979, wenzangu walipoingia Kampala, mimi nilikuwa nimeketi barazani kwa mjomba, mguu juu ya kigoda, nikisikiliza ushindi wangu katika redio. Mfanyabiashara mmoja wa mtaani petu, ambaye nina hakika hakuwahi kufika mbali zaidi ya Kahama, alinisahihisha kuhusu njia ya kutoka Mutukula kwenda Masaka. Nilimwacha. Alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu. Mimi nilikuwa na njia tu. Mwishoni mwa Machi ndege ya Libya, nchi iliyomsaidia Amin, ndege ya namna iliyo ghali kabisa, ilikuwa imetumwa kuipiga bohari ya mafuta ya Mwanza, mabomu yake yakaikosa bohari, yakaanguka katika hifadhi ya wanyama ya Saanane na kuua swala. Habari hiyo ilizungumzwa kwetu wiki nzima. Nilimtazama mjomba. Akasema: "Ndege haikukosea. Aliyeiambia pa kwenda ndiye." Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kauli yake ina ufa, ingawa sikujua ufa huo unaelekea wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki, na wasomaji wa rika langu hawahitaji kukumbushwa foleni za sabuni. Nitaje moja tu. Bunduki zilizoponyoka vitani ziliwafikia wezi wa ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya themanini, upande wa Kahama, wanavijiji waliunda sungusungu, ambao silaha zao zilikuwa upinde, mshale, firimbi na mwano, yaani ule ukelele wa hatari upokewao kijiji kwa kijiji hata mwizi asipate mahali pa kutokea. Yako ya kulaumiwa katika hukumu zao, tena mengi, na damu nyingine ilimwagika pasipo haki. Lakini mwenye mashine alikuwa mwizi, na mwenye mwano ndiye aliyeshinda. Na mjomba, aliyenyang'anywa ng'ombe wanne na kurudishiwa watatu, hakupata la kusema.

Nije kwenye dhahabu. Dhahabu ya Geita si habari ya jana: Wajerumani waliigundua katika nchi hiyo tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na mgodi wa zama za Waingereza ulichimbwa tangu miaka ya thelathini hata ulipofungwa mwaka 1966. Lakini mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia bei ya soko, watu waliacha pamba shambani. Mimi nilikuwa na akiba ndogo ya biashara ya ngozi, nikaenda Nyarugusu kuwa mnunuzi, mtu anayeitwa kule kota, nikajenga kibanda cha mabati mbele ya mwalo, mahali ambapo mawe yaliyotwangwa huoshwa juu ya magunia ili mchanga uende na dhahabu ibaki. Wale waliotoka ndani ya maduara, wamepakaa vumbi hata nyusi, waliniita tajiri.

Mizani ya wakati huo ilikuwa ya mkono, visahani viwili na uzi, na mawe yake ya kupimia yalikuwa sarafu, na kwa vipimo vidogo njiti za kiberiti, njiti moja ikihesabiwa pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Msomaji asicheke. Njiti ya kiberiti huvuta unyevu wakati wa mvua na kuwa nzito, na hapana mchimbaji asiyejua hilo. Asubuhi walizianika njiti zangu juani mbele ya macho yangu, na wengine walikuja na zao, kavu, ndani ya vikopo. Walinijua mimi na waliijua mizani yangu, na tuligombana kila siku kwa insafu kamili.

Mwaka 1992 nilinunua Mwanza mizani ya betri inayoandika namba. Nilijiona nimeingia katika dunia nyingine. Niliwaambia wachimbaji, kwa sauti ya mjomba wangu kabisa, kwamba sasa ugomvi umekwisha, mashine haina tamaa. Walikubali kwa shingo upande, maana kioo cha namba kilinitazama mimi, si wao, na wengi wao hawakusoma. Mizani hiyo ilikuja na jiwe moja la shaba ya manjano, gramu hamsini kamili, ambalo kila asubuhi huwekwa juu yake ili ijisawazishe. Jiwe hilo nililitia katika mkoba mmoja na kichupa cha zebaki, kwa kuwa mimi kama wanunuzi wenzangu niliwakopesha wachimbaji zebaki ya kushikia dhahabu. Kichupa kikavuja. Zebaki huipenda shaba kama inavyoipenda dhahabu: jiwe lilivaa ngozi nyeupe, likaongezeka gramu moja na nusu. Basi kila asubuhi mashine yangu iliambiwa kwamba gramu hamsini na moja na nusu ni gramu hamsini, nayo, kwa kuwa haina tamaa wala wasiwasi, iliamini. Na katika kila gramu kumi alizoniletea mchimbaji, karibu pointi tatu hazikuonekana.

Nilipouza Mwanza uzito ukazidi daftari langu. Mara ya kwanza nilimshukuru Mungu. Mara ya pili nilifungua mkoba, nikaliona jiwe lilivyobadilika rangi, nikafahamu kila kitu palepale. Ilikuwa siku ya Jumanne. Jiwe hilo nililisafisha baada ya wiki tatu.

Nimejaribu mara nyingi kuzieleza wiki tatu hizo kwa namna ya kunisitiri. Nimejiambia kwamba nilikuwa na mgonjwa nyumbani, na kweli nilikuwa naye. Kwamba wanunuzi wengine walikuwa wabaya zaidi, na kweli walikuwapo. Kwamba sikulipaka jiwe zebaki kwa mkono wangu. Lakini neno lililonifaa kuliko yote, nililojikinga nalo kila nilipobonyeza kitufe, lilikuwa neno la mjomba. Namba imeandikwa na mashine. Mimi nilisoma tu.

Aliyelimaliza jambo lile alikuwa mzee mmoja wa Kisukuma, mwembamba, mwenye kikopo cha njiti. Alinisalimu, nikamwamkia, akaomba, kabla ya kuweka dhahabu yake, aweke kwanza njiti zake kumi ambazo, alisema, alikuwa amezipima jana yake kwa sarafu katika mizani ya mkono. Alikuwa na mjukuu aliyejua kusoma, akamsogeza upande wa kioo. Mtoto akasoma namba. Mzee akafikiri, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, njiti zangu zimekonda, au mashine yako imevimbiwa?" Nikamjibu kwamba ni betri. Akazirudisha njiti zake kikoponi moja moja, akaifunga dhahabu yake katika karatasi, akaenda kibanda cha jirani, na watu saba waliokuwa wakingoja nyuma yake wakamfuata pasipo kusema neno. Usiku ule nililichoma jiwe juu ya mkaa, na wiki iliyofuata nikanunua jipya; na kwa kuwa wateja walirudi polepole, sikumwambia mtu.

Nilimwambia mjomba peke yake, miaka kadhaa baadaye, alipokuwa amestaafu na macho yake yamefifia, redio ikiwa imefunikwa kitambaa kile kile na haisemi. Nilimweleza tafsili yote, jiwe, zebaki, Jumanne, mzee wa njiti. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani amelala. Kisha akasema: "Basi ndiyo maana Mwadui walitupekua sisi."

Leo barazani hapo hapo wanakaa vijana wenye simu, na kila simu ina rai kuliko mjomba. Mwaka 2017, usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, kwenda nje ulipozuiwa na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam, kila bodaboda wa Maganzo alijua asilimia ya dhahabu iliyomo. Nilisikiliza kwa furaha, kwa sababu ingawa hesabu zao hazikupatana, kwa mara ya kwanza watu wengi hivyo walikuwa wakiuliza swali la mzee wa njiti. Mwaka 2019 masoko ya madini yalipofunguliwa, la Geita likitangulia, nilisafiri makusudi kwenda kutazama. Kuna mashine ya miali inayosoma usafi wa dhahabu katika muda wa kumeza mate, na bei ya dunia inajulikana pale pale. Mimi niliangalia mizani. Nikamwuliza kijana aliyekuwapo nani huipima mizani yenyewe, akanionyesha alama ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni, akashangaa kwamba babu mzima amesafiri kutoka Shinyanga kutazama kibandiko. Kioo cha namba kilionekana na muuzaji na mnunuzi pia.

Mjukuu wangu ananieleza kwamba hivi karibuni akili mnemba itaiona dhahabu chini ya ardhi, na kwamba vita vya sasa, kama vile vya Ukraine, vinapiganwa na droni, hapana haja ya mtu kutembea mpaka Masaka. Inawezekana. Yeye ana elimu, nami namwamini katika mengi. "Babu," aliniambia juzi, "wewe una chuki na mashine." Sina. Niliipenda ile mizani. Hata leo ningeinunua tena, mradi kila asubuhi jiwe lake likae mkononi mwa muuzaji dakika moja kabla ya kukaa juu yake.

Ewe msomaji, ikiwa wewe, au baba yako, au babu yako, aliuza dhahabu Nyarugusu mvua za mwaka 1992 kwa kota mrefu mwenye mizani ya betri na mguu wa kulia uliopungua ukucha, naomba uje Maganzo. Daftari ninalo, ila liliandika majina ya utani tu, kama ilivyokuwa desturi ya kule, nami nimeshindwa kuwatafuta. Pointi tatu katika kila gramu kumi zitalipwa kwa bei ya siku utakayokuja.